Mchuzi Ndani ya Amplifaya ya Elungat

Jumamosi, 9 Machi 2024. Manyunyu tangu alfajiri.

Elungat hupiga gita la besi kanisani kwetu Malaba. Amplifaya yake husifiwa na wapiga besi wote: sauti nzito, haikwaruzi. Leo Oduori, mpiga besi wa Busia aliyeiazima, aliirudisha kutoka harusini Amagoro ikinuka. Elungat alifungua mgongo wake akakuta mchuzi wa kuku umeganda kwenye spika, mende wakiulamba.

“Mliifanya meza?”

“Juu ni tambarare, boss. Si bado inalia?”

“Nguruwe nyinyi!” Elungat alitema mate, akaisugua hadi jioni. Harufu haikutoka.

Jumapili, 10 Machi. Asubuhi Elungat alipiga ibada nzima kupitia spika za kanisa. Oduori alipopiga simu kuiazima kwa Pasaka, Elungat hakuipokea simu.