Benchi la Kidimbwini

Walimwita Fundi Misumari. Miaka mingi aliijenga njia ya mbao ndani ya msitu wa hifadhi, msitu wa majimaji ambamo ukikanyaga pembeni tope linakumeza hadi gotini na kiatu hukioni tena. Njia iliishia kwenye kidimbwi, na hapo akaweka benchi. Mkewe alipomletea chakula waliketi pamoja, mke akilalamika siku zote kwamba mumewe anambana. Siku moja fisi maji wakatokea na watoto wao, wakapiga mbizi na kupigana mieleka mbele yao bila haya. Mke alicheka mpaka chakula kikapoa. Mwaka uliofuata alifariki, na fisi maji nao, kwa kuchoshwa na kelele za wageni, wakahama.

Juzijuzi mkuu wa hifadhi, binti wa rika la kitinda mimba wake, alimwita akamwambia kipande cha mwisho cha njia king'olewe, wanyama waachiwe kidimbwi chao. Kisha akainamisha macho, maana habari za benchi alizijua.

"Baba, tunaweza kumpa fundi mwingine kazi hii."

"Nilipigilia mwenyewe, nitang'oa mwenyewe."

Sasa, njia ya namna ile huanzi kuing'oa popote utakapo. Unaanza mwisho, unarudi kinyumenyume, ukisimama juu ya mbao zilizobaki. Kwa hiyo cha kwanza kutoka kilikuwa benchi. Misumari mingine iligoma, akabaki kujilaumu kwa kuipigilia vizuri mno. Kila ubao uliotoka ulimuuma, kwa kuwa pale hatafika tena.

Wiki zikapita. Asubuhi moja, akikaza mbao za karibu na lango, alisikia mluzi mkali kutoka kidimbwini, kisha chubwi, kisha chubwi nyingine ndogo. Akasimama kwa ncha za vidole, akachungulia. Majani matupu. Alitamani kuona hata mkia, alitamani mno, lakini njia ameing'oa yeye, na tope halina huruma.

Benchi walimpa, liko uani kwake. Jioni ile aliketi upande wake wa zamani.

"Wamerudi, mama watoto," alisema. "Wana mtoto. Sikuwaona, nimewasikia tu."

Kisha akasogea kidogo, asimbane.