Nne za Oleta

Verlon Stamps alitengeneza matrekta miaka thelathini na minane, na injini haikukohoa asijue inaumwa nini. Alidhani na mkewe anamjua hivyo hivyo.

Kanisa lao lilipokodi basi kwenda Nashville kutazama Ukumbi wa Harlan, nyumba ya zamani ya waimbaji wa muziki wa kantri, walikwenda pamoja. Ndani ya kabati la vioo palikuwa na pepeo la karatasi ngumu, walilogawiwa watu wajipepee enzi za kabla ya viyoyozi. Nyuma yake zilikuwapo namba za penseli.

“Wapigaji wetu huandika wimbo kwa namba badala ya noti,” alieleza binti aliyewatembeza. “Huu ni wimbo wa kwanza wa mwimbaji wetu Coy Hadley. Aliyemwandikia hajulikani.”

Verlon aliinama. Tarakimu za nne zilikuwa wazi juu, mguu umepinda kama ndoana. Kila mwaka aliziona kwenye tarehe za chupa za pichi jikoni kwake.

“Oleta,” alinong’ona, “nne zako hizi.”

“Macho bado unayo, mzee.”

“Si uliniambia ulikuwa unauza bisi hapa?”

“Nilikuwa nauza. Coy alikuwa msahaulifu, na mimi nilikuwa na penseli.”

“Alikutaka?”

“Alitaka nikampigie gitaa safarini. Wewe ulitaka turudi kwetu Lawrenceburg.”

Verlon aliikodolea macho picha ya Coy ukutani. “Ona pua lake lilivyo kubwa!”

“Pua haiimbi, Verlon.”

Jukwaani, kila mgeni alipewa gitaa apigwe picha. Wote walilikumbatia kama mtoto wa jirani. Oleta alilitegea sikio, akakaza nyuzi.

“Mama, tabasamu tu,” alisema mpiga picha.

“Ngoja, mwanangu. Wa pili umelegea.”

Kisha akapiga. Katika miaka arobaini na mmoja ya ndoa, Verlon alikuwa amesikia sauti yake kwenye kwaya tu. Vidole vile alivijua vikimenya pichi. Coy alimtoka kichwani. Pua unaweza kuichukia. Sasa alilionea wivu lile gitaa, ubao na nyuzi zake, naye amesimama chini amebeba mkoba wa mkewe.

“Shuka, basi litatuacha!”

“Litangoja.”

Watu walipiga makofi. Mikono ya Verlon ilikuwa imejaa mkoba.

Aliposhuka, Verlon hakumpa mkoba mara moja.

“Siku ile tulipohama,” alisema, “nilikwambia pikapu imejaa, gitaa lako libaki.”

“Ulisema.”

“Haikuwa imejaa.”

Oleta aliuchukua mkoba wake, akautia begani.

“Najua. Mizigo niliipanga mimi.”