Moyo wa Shaba wa Mama Mbuyi

Naikumbuka vizuri asubuhi ile, mwanangu, nilipotoka Kolwezi bila kujua naenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, nikajifunza kufua picha kwenye mabamba ya shaba. Nilidandia lori la kwanza lililosimama, nalo likaniteremsha Tenke.

Karibu na stesheni nilikutana na Mama Mbuyi, muuza unga. Alikuwa mgonjwa wa moyo. Kutoka kisimani hadi nyumbani ilimbidi kukaa chini mara tatu, na wifi yake, Ngalula, alimwita mvivu mbele ya watu.

"Tata, unipigie picha ya moyo yangu," akaniambia kwa heshima alipoona nyundo na mabamba yangu. "Niitundike mu nyumba, Ngalula aone."

Nikafua moyo mzuri ajabu: laini, sawa huku na huku, unang'aa. Mama Mbuyi alipouona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Hii ni moyo ya karata! Yangu, uliniuliza iko namna gani?"

Nilinuna, mwanangu. Kijana anayejua nyundo hudhani anajua kila kitu. Lakini udadisi ukanishinda, nikauliza.

"Inapiga mbili, inanyamaza, kisha inakimbia kama mbuzi yenye iliona imbwa."

Nikaichoma shaba upya ilainike, nikaigeuza mgongo, nikailaza juu ya gunia la mchanga. Yeye akagonga mapigo yake kwenye sufuria, mimi nikayafuata kwa nyundo. Aliponyamaza nami nilinyamaza, na pale pakabaki patupu. Nilipoigeuza, uso wake ulijaa vinundu.

Ngalula akafika. "Na hii njo nini? Bihogo?" akauliza, akiona vinundu kama vya mihogo.

Akapitisha kidole: kinundu, kinundu, kisha kidole kikatua pale patupu, kikakwama.

"Na hapa?"

"Hapo njo naikalaka chini," akasema Mama Mbuyi, akijikalisha kama afanyavyo njiani kutoka kisimani.

Ngalula akainama, akachukua ndoo ya Mama Mbuyi, akajitwika mwenyewe. "Na uyu fundi atalala wapi? Ao atarudia mu lori?"

Jioni ile walinitandikia mkeka kwenye chumba cha unga, nikaamka mweupe kama mzimu.

Basi, mwanangu, usichore maumivu ya mtu kabla hujamuuliza yakoje. Ukishamuuliza, ngoja ajibu, hata akikawia. Mungu ailinde mikono yako, ayafungue masikio yako, na kila utakakofika akupe mkeka, na mtu wa kukucheka ukikosea.