Sanduku la Vitabu Lililokwama Chake Chake

Walisema sitafika. Mtoto wa mchuma karafuu wa Shumba, walisema, atasoma kidogo kisha atarudi kupanda mikarafuu ya watu kama baba yake. Nikaenda Bara. Mchana nilifuta vumbi kwenye maktaba ya chuo kikuu, jioni nikasoma, na baada ya miaka mitano nikarudi Pemba na diploma ya ukutubi. Sikumjua mtu mwingine kisiwani mwenye karatasi kama ile. Nilipoitundika ukutani, wale wale wakabadilisha maneno: sasa ni Wapemba ndio watakaoshindwa kusoma vitabu vyangu.

Bwana Mudiri, mtawala wa wilaya, alinipa chumba Madungu, hapo Chake Chake. Mabenchi niliazima chuoni kwa maalim wa Kurani, makabati kwa familia moja ya Kiarabu ya jirani, baiskeli kwa mwalimu wa skuli. Vitabu niliazimwa na maktaba ile ile niliyoifuta vumbi: sanduku moja la vitabu sitini, vingi vya Kiswahili, kwa miezi mitatu. Sharti lilikuwa moja. Virudi vyote sitini ndipo lije sanduku la pili. Mkutubi mkuu wa huko aliniandikia dhamana kwa mkono wake, na mimi nikatia sahihi chini ya jina lake.

Kila mwezi walinitumia na karatasi ya habari za maktaba yao: vitabu vipya, maonyesho, mihadhara. Niliifasiri nikaibandika mlangoni. Mzee mmoja alisoma kuwa Alhamisi kuna mhadhara wa nyota, akaniuliza akipanda meli ya Jumatano atauwahi.

Katika wiki mbili vitabu vyote vilichukuliwa, makabati yalibaki matupu. Nilimwandikia mkutubi mkuu barua ya kurasa tatu nikimweleza kwa majivuno ninavyoendesha mambo. Barua ile bado inaniumiza.

Miezi mitatu ikaisha, vikarudi vitabu kumi na moja. Nikangoja wiki, nikangoja mbili. Nikaandika tangazo kwa wino mwekundu: atakayechelewa hatapewa kitabu kingine. Baada ya tangazo hakikurudi hata kimoja. Watu waliokuwa wakinisimamisha njiani wakaanza kunikwepa. Fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mzima mwenye mvi, aliponiona alijipenyeza kwa muuza mafuta ya taa na chupa hana. Nilijifundisha mpangilio wa vitabu vya dunia nzima, na sasa nawakimbiza watu vichochoroni.

Barazani hawakuniacha.

"Bwana Diploma, vitabu vimezaa huko vilikokwenda?"

"Labda vinanyonyesha. Mpe muda."

Kisha ikaja barua ya mkutubi mkuu, mistari minne. Vitabu visipopakiwa kwenye meli ya mwisho wa mwezi, mapatano yamekwisha, na yeye ndiye atakayeulizwa kwa nini alinidhamini. Nilikuwa na siku kumi na nane.

Asubuhi ya pili nikapiga baiskeli mpaka Micheweni, kwa bibi mkunga aliyechukua kitabu cha malezi ya watoto wachanga. Mjukuu wake ndiye aliyekuwa akimsomea. Nilifika jasho linanitoka na maneno makali yako tayari mdomoni.

"Karibu, mwanangu. Nilikuwa naja kwako."

"Bibi, kitabu kimepitisha wiki sita."

"Najua. Kipo juu pale, nimekifunga kwenye kanga. Nnangoja kuku."

"Kuku gani?"

"Kuku wangu atage. Umenipa kitu kizima kwa mkono wako, nami nikurudishie hivi hivi, kitupu? Watu watanionaje?"

Nikakaa kwenye jamvi. Mama yangu hajapata kurudisha sahani ya jirani tupu. Kama hapana kitu, huweka hata ndimu mbili. Mimi mwenyewe nilizibeba sahani zile utotoni. Miaka mitano ya Bara ilitosha kunisahaulisha, na tangazo langu jekundu lilikuwa limewaambia wote: harakisheni mje mikono mitupu.

"Bibi, maktaba haitaki mayai."

"Hiyo ni sheria ya huko. Hapa tuna haya."

Nilikasirika, naye hakukasirika, na hilo lilinizidishia hasira. Nikasema la kwanza lililonijia: "Basi njoo Ijumaa baada ya alasiri utusimulie ulichokipata ndani yake. Hicho ndicho tutakachokipokea. Nitakiandika nikipeleke chuo kikuu, wakisome."

Akafikiri. "Maneno nayo ni kitu?"

"Kwenye maktaba hapana kikubwa kuliko hicho."

"Basi uandike na habari ya kuku, kwamba hakutaga."

Nikalichana lile tangazo jekundu, nikaandika jipya la kuwaita watu Ijumaa waje na vitabu na masimulizi, na kwa wiki mbili nikazunguka vijijini kulisoma kwa mdomo. Ijumaa ya kwanza walikuja wachache. Ya pili walijaa mpaka nje, vitabu mkononi. Bibi mkunga alisema kitabu kimekosea namna ya kumshika mtoto, akatuonyesha kwa mto. Mvuvi mmoja alieleza habari za barafu, akabishiwa mpaka magharibi. Na bado wengi walileta mihogo, pweza mkavu, karafuu kwenye kitambaa. Nilikula mihogo ya maktaba mwezi mzima.

Cha sitini alikileta fundi cherehani, siku moja kabla ya meli. Alikuwa amekishonea jalada la kaki, mishono midogo, pembe zimekaa sawa. Kitambaa ndicho alichokuwa akikingojea. Kanuni za maktaba zilikataza kabisa jambo hilo. Nikakipokea.

Kesho yake, bandarini Mkoani, karani alivihesabu mara mbili mbele yangu, akapiga misumari sanduku, na daftari la masimulizi ya Ijumaa limo ndani, akanipa risiti ya vitabu sitini kwenda Unguja na kutoka huko Bara. Niliporudi Madungu nikaona nami nirudishe vya watu kabla ya kuomba tena: niliwabebesha vijana mabenchi mpaka chuoni kwa maalim, makabati kwa wenyewe, na baiskeli nikampelekea mwalimu nikiwa nimeisukuma kwa miguu, maana gurudumu la nyuma lilipasuka njiani na ilinibidi nilizibe kabla ya kumkabidhi. Jioni ile hapakuwa na mtu, Pemba wala Bara, mwenye kitu chake kwangu. Chumba kilibaki na diploma yangu na misumari miwili, nami nikakaa sakafuni nikiandika barua ya kuomba sanduku la pili.