Sikio la Ng'ombe kwenye Mpini wa Rivolva

Kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa karakana unaotazama barabara, Fundi Shomari Kudura hufungua sanduku la mninga na kuzipangusa bastola zake kwa kitambaa chenye mafuta ya nyonyo. Huanza na ya kushoto. Huzungusha tumbo lake la risasi, husikiliza mlio, huirudisha katika shimo lililochongwa kwa umbo lake, kisha huchukua inayofuata. Shimo la mwisho halina kitu. Nalo hulipangusa, taratibu, mpaka kwenye kona. Nyumba yetu hapa Musoma inatazamana na karakana hiyo tangu nikiwa mdogo, na sijamwona akiliruka.

Ni rivolva za zamani, zilizoachwa na vita vya Wajerumani na wachimba dhahabu wa Buhemba. Hakuna hata moja inayofyatua. Bwana shauri alimruhusu kuzihifadhi kwa sharti kwamba kila moja ikatwe ncha ya nyundo na kuzibwa mtutu kwa shaba, na kazi hiyo Shomari aliifanya mwenyewe. Bastola iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani haitaki. Anakusanya zile ambazo wenyewe walizibadilisha. Mgiriki mmoja alifupisha mtutu wa yake ili iingie mfuko wa koti. Mtu wa ziwani aliunga pete kwenye kitako, apitishe kamba, isizame mtumbwi ukiyumba. Mwingine aliondoa chuma kinachozunguka kifyatulio, maana kidole chake kilikuwa kinene.

Mwaka wa arobaini na tisa, siku ya gulio, aliingia mwanamke kutoka Butiama aitwaye Bhoke, mjane wa Magige. Magige alikuwa mlinzi wa mchimba dhahabu, na yule bwana alipoondoka alimwachia rivolva yake. Sasa ilikuwa imetangazwa kwamba silaha zote zisizo na kibali zipelekwe bomani.

"Nasikia wewe unaziua halafu unazitunza," Bhoke alisema.

"Naua nyundo na mtutu, mama. Vingine nabakiza."

"Basi ikae kwako. Mimi nitakuwa naipitia siku za gulio."

Mpini wake Magige alikuwa ameutengeneza kwa pembe ya ng'ombe, nyeupe yenye mstari mweusi. Shomari hakuwa na kitu kama hicho. Siku hiyohiyo akaikata nyundo, akaiziba mtutu, akachonga shimo jipya sandukuni. Kisha akaona kwamba ukingo wa mpini una pengo, na karibu yake kuna tundu. Yeye ni mtu wa mjini, babu yake alikuja na misafara kutoka Manyema, na hajawahi kufuga hata mbuzi. Alidhani panya wametafuna pembe. Akapiga tupa mpaka pengo likaisha, akaziba tundu kwa nta na unga wa pembe, akang'arisha.

Gulio lililofuata Bhoke alikuja na fungu la samaki furu wakavu mkononi. Aliishika bastola, na kidole gumba chake kikaanza kutafuta ukingoni.

"Alama iko wapi?"

"Alama gani, mama?"

"Hapa Magige alikata. Na hapa alitoboa. Kama masikio ya ng'ombe wake."

Shomari alicheka kidogo. "Nilidhani panya."

"Panya." Bhoke aliiweka bastola mezani. "Alipokufa, mdogo wake Mniko alitaka kunirithi mimi na ng'ombe. Nilikataa, ng'ombe wakaenda naye Mugeta. Alama ya mume wangu ilikuwaga imebaki hapa tu. Sasa hii ni ya mtu yeyote."

"Niachie. Nitairudisha. Nichoree ilivyokuwa."

"Mimi nilikuwa nakamua, sikuwa nakata masikio. Nikiigusa nitaijua, kuichora siwezi. Gulio lijalo nakuja kuichukua, iwe na alama au isiwe nayo."

Alfajiri Shomari alifunga karakana, akapanda baiskeli. Alilala Kabasa, pale Bunda, kwa binamu yake, na kesho yake jioni akawa Mugeta, langoni kwa Mniko.

"Kwa hiyo amekutuma," Mniko alisema. "Ameshindwa kesi ya ng'ombe barazani, sasa ananiletea Mswahili na baiskeli."

"Sitaki ng'ombe, mzee. Nataka kuona sikio."

"Umetoka Musoma kuangalia sikio." Mniko aliwageukia wenzake waliokaa naye langoni. "Huko mjini hamnaga masikio?"

Wakacheka. Shomari naye akacheka, lakini baiskeli hakuigeuza. Alilala chini ya ghala. Asubuhi, ng'ombe walipotolewa, alisimama langoni, akamshika wa kwanza sikio ili apapase mkato. Ng'ombe akatikisa kichwa na kumtupa kwenye samadi. Akainuka, akamshika mwingine. Akaanguka tena, akainuka tena. Wenzake Mniko waliendelea kucheka, ila Mniko mwenyewe alisogea karibu.

"Pengo linaanzia nyuma kuja mbele," alisema mwishowe. "Ukikata kinyume, hiyo ni alama ya ukoo wa kina Keraryo." Akaingia ndani, akarudi na pembe kuukuu. "Ng'ombe wa pembe hii alikuwa wa Magige mwenyewe. Usimwambie shemeji kuwa nimekupa mimi."

Siku zilizobaki Shomari alichonga mpini mpya kwa pembe ile, hakupokea kazi nyingine. Kufuli na majiko ya mafuta ya taa ya watu yalirundikana mlangoni.

Gulio lilipofika, Bhoke aliishika bastola bila kuitazama. Kidole kikapita ukingoni, kikaingia kwenye pengo, kikafika kwenye tundu, kikatulia hapo. Kisha akaifunga kwenye kanga.

"Nilidhani inakaa kwangu," Shomari alisema.

"Ilikuwa ikae. Sasa nataka kukaa nayo mimi kwanza."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nichoke kuitunza. Nikichoka nitakuambia."

Angeweza kumjibu kwamba ruhusa ya bwana shauri ilikuwa ya sanduku lake peke yake. Badala yake alifunga karakana tena, wakaongozana mpaka bomani, akaeleza kwa mdomo wake kwamba bastola ile haiwezi kufyatua na mama huyu aachwe nayo, wakamkubalia.

Likizo iliyopita, niliporudi kutoka Makerere, nilivuka barabara asubuhi mapema nikamkuta na kitambaa chake. Nilimwuliza kwa nini miaka yote hii anapangusa shimo lisilo na kitu.

"Bhoke hajasema amechoka," alijibu.