Kisima cha Marehemu kwenye Sahani ya Bati

Chuoni nilifundishwa sayansi kwa chaki: mwalimu anachora, wanafunzi wananakili, mtihani ukipita kila mtu anasahau. Baadaye tukaitwa semina, na mkufunzi mmoja mwenye sauti ya kuudhi akatukariria jambo moja tu: mwalimu asiseme jibu, watoto walitafute kwa mikono yao. Nilibishana naye mpaka chai ikapoa. Niliporudi shuleni kwangu, huku karibu na Galu, nikajaribu ili niweze kusema nimejaribu.

Kumbe nilipenda. Somo lilihusu vitu vilivyoyeyuka majini. Nikamwambia kila mtoto alete maji ya kwao kwenye chupa. Tukayamimina kwenye sahani za bati, tukaongeza sahani ya maji ya mvua na nyingine ya maji ya bahari, tukazianika juani. Darasa ambalo husinzia kila mchana lilijazana dirishani kulinda sahani zisiguswe na kuku.

Maji yalipokauka, sahani nyingi zilibaki na utando mwembamba tu. Ya msichana mmoja mpole wa dawati la mbele ilikuwa na ganda jeupe, karibu sawa na lile la bahari. Maji yake yalitoka kwenye kisima ambacho mamake alikichimbisha baada ya kufiwa na mumewe, kiwe sadaka ya marehemu: kila anayekunywa, thawabu zimfikie huko aliko. Mtaa mzima huchota pale.

"Labda sahani ilikuwa chafu, mwalimu," akasema.

Nilijua haikuwa chafu. Nikameza jibu, kama nilivyofundishwa, nikamwambia aioshe arudie. Alirudia. Ganda likawa lile lile.

Hapo mwenzake wa dawati akashindwa kujizuia. "Sisi hatuyanywi. Yaligeuka ya chumvi kitambo, twafulia tu. Mama alitukataza kusema, mamako asije akavunjika moyo."

Wengine wakainamisha vichwa, nikaelewa kwamba wote walikuwa wakijua. Huku kwetu sadaka ya marehemu haikataliwi. Watu huja na ndoo zao, hushukuru, humwombea rehema aliyekufa, kisha huenda kununua maji ya kunywa kwenye mkokoteni. Ni mjane na mwanawe peke yao walioendelea kuyanywa. Chumvi iliwaingilia polepole na ndimi zao zikazoea. Adabu ile iliniudhi siku hiyo, na hadi leo inaniudhi.

Msichana hakulia. Alikwangua ganda kwa ukucha, akaonja, akaniangalia.

"Mwalimu, ikiwa watu hawayanywi, babangu zamfikia thawabu gani?"

Darasa zima likanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu semina ile nilitamani sana kuwa na jibu la kusema. Nikamwambia aioshe sahani.