Uongo wa wazee ulivyookoa kijiji cha Rovand

Saa kumi na mbili asubuhi, Savrinisso Nazarova anainua kibao kinachozuia maji ya mfereji kwa ncha ya jembe. "Kurbonali, zamu yako," anaita. "Ukilala, yanakwenda kwa jirani."

Mjane huyu wa miaka 54 ndiye mgawa maji wa Rovand, kijiji cha Watajiki chenye kaya 41, juu ya mto Zarafshon. Kila kaya humlipa debe la ngano kwa mwaka.

Aprili mwaka jana, tope la mlimani liliifukia chemchemi pekee ya kijiji. Mtoni ni mwendo wa saa mbili na punda. Wakubwa wa wilaya wakawapa wanakijiji hadi Septemba: wapate maji, ama wahamie tambarare kwenye pamba.

"Walishatuhamishia huko nikiwa mchanga. Mama yangu kazikwa huko," anasema. "Mimi sirudi ng'o."

Akaenda wilayani kuomba ramani ya 1954. Alipitisha kidole kwenye kila korongo, asione chemchemi nyingine. Korongo moja tu lilikuwa na jina: Obnest. Kwa Kitajiki, maana yake "hakuna maji".

"Nililia palepale mezani, bila aibu."

Jioni alimsimulia Bibi Oymoh, shangazi wa marehemu mumewe. Kikongwe akacheka hadi akapaliwa na chai.

"Mwanangu, hilo si jina. Mpimaji wa ramani alimuuliza baba mkwe wangu kuhusu maji, akajibiwa 'ob nest', akaandika. Mzee alijisifia hilo mpaka anakufa. Kulikuwa na chemchemi nyingine, walishaifunika kwa mawe, serikali isiitwae."

"Na miezi yote hii umenyamaza?"

"Ningesema nini? Ni wapi, sisi wake hatukuambiwa. Ati tuna ndugu vijiji vingine, tungevujisha siri."

Savrinisso akaanza kuchimba Obnest, palepale mzee alipokana maji. Majirani wakamcheka. "Dada, hata kusoma hujui? Si imeandikwa hakuna," Kurbonali alimtania.

Siku ya tisa jembe liligonga mawe yaliyopangwa kwa mkono, na udongo ukalowa.

"Nilikaa kwenye tope. Nilihema kama mtu aliyetua mzigo wa kuni."

Mwishoni mwa Agosti maofisa walikuja, wakaonja maji, wakaifuta amri ya kuhama. Kurbonali ndiye aliyewapelekea mkate.

Sasa ramani mpya inachorwa, na karani wa wilaya amempigia simu kuuliza jina sahihi la korongo.

"Nimemwambia aliache hivyohivyo," anasema Savrinisso. "Hawa wa leo wameshaonja. Watakaokuja kesho kuyatwaa wasome tu kwamba hakuna. Nina wajukuu wanne, nataka wayakute maji haya."